Saba Mara Nane Bila Kutazama Dari

Ukitaka kujua kama mtoto anaijua tebo, usisikilize mdomo, tazama macho. Muulize saba mara nane. Anayejua atakujibu huku akiendelea kumenya viazi. Asiyejua atatazama dari, kisha utaona vidole vinaanza kutembea chini ya meza: saba, kumi na nne, ishirini na moja, ishirini na nane... Huenda mwisho wa safari akaifikia hamsini na sita na mama akapiga makofi. Lakini amefika akihema, na swali lenyewe bado halijaanza.

Jioni nyingi hapa Sumbawanga huwa nakaa na watoto wa majirani na madaftari yao, na nimeacha kuamini kwamba wanaangushwa na hisabati ngumu. Wanayajua maelezo ya sehemu. Wanaijua kanuni ya eneo. Wakipewa muda wanakueleza KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, ni nini. Wanachokwama nacho ni ile sita mara nane iliyojificha tumboni mwa swali. Basi vidokezo hivi ni vya mzazi, mlezi, kaka au dada mkubwa, yeyote aliye nyumbani mtoto anaporudi, awe Chanji, Katandala, Laela, Matai au Namanyere.

1. Jua mtihani unadai nini

Upimaji wa Darasa la Nne huja Oktoba, na mtihani wa kumaliza Darasa la Saba huja Septemba. Yote miwili iko chini ya Baraza la Mitihani, na chumbani haiingii simu wala kikokotozi. Karatasi za Hisabati za Darasa la Saba za miaka ya nyuma zimekuwa na maswali 45: 40 ya kuchagua na 5 ya kuonesha njia. Gawanya muda kwa maswali, kila swali linapata dakika mbili na ushei. Ndani ya hizo mtoto asome, aelewe, akokotoe, ahakiki na aweke kivuli.

Sasa mpe 4,368 ÷ 7. Anayejua tebo anakwenda hivi: saba kwenye arobaini na tatu ni mara sita, inabaki moja, saba kwenye kumi na sita ni mara mbili, zinabaki mbili, saba kwenye ishirini na nane ni mara nne. Jibu 624, na nusu dakika haijaisha. Asiyejua anachora vijiti pembeni mwa karatasi, saba saba saba, hadi karatasi inafanana na uzio wa zizi. Akifika kwenye tarakimu ya pili ameshasahau ya kwanza ilibaki ngapi. Si mjinga. Kichwa cha binadamu kinabeba vitu vichache kwa wakati mmoja, na yeye amekijaza mzigo wa kuhesabu saba saba, hakuna tena nafasi ya kushika hatua za kugawanya.

2. Deni halisi ni 15, si 144

Hapa ndipo wazazi wengi hunikatalia, kwa hiyo chukua daftari uhakikishe mwenyewe. Lile jedwali la kuzidisha lililo nyuma ya madaftari mengi likifika 12 lina visanduku 144. Mtoto akiliona anakata tamaa kabla ya kufungua kinywa.

Weka kando ya 11 na ya 12 kwa sasa. Vimebaki 100. Tatu mara saba ni sawa na saba mara tatu, hivyo usimkaririshe mara mbili: vimebaki 55. Tebo ya 1 haihitaji kukaririwa. Ya 10 ni kuongeza sifuri. Ya 2 ni kujumlisha namba yenyewe mara mbili. Ya 5 huishia na sifuri au tano, na watoto huizoea kwa kuhesabu sarafu. Ya 9 iko vidoleni: nyoosha vidole kumi mbele yako, ukitaka tisa mara nne kunja kidole cha nne kutoka kushoto, vilivyobaki kushoto kwake ni makumi, vitatu, kulia ni mamoja, sita. Thelathini na sita.

Kilichobaki ni hiki, na unaweza kukiandika kwenye kipande kimoja cha boksi la sabuni:

3×3=9, 3×4=12, 3×6=18, 3×7=21, 3×8=24
4×4=16, 4×6=24, 4×7=28, 4×8=32
6×6=36, 6×7=42, 6×8=48
7×7=49, 7×8=56
8×8=64

Hesabu mwenyewe. Ni 15. Wengi tayari wanajua zile za tatu, hivyo deni linashuka hadi kama kumi. Na miongoni mwa hizo kumi kuna nne ambazo ndizo hasa husumbua: 6×7, 6×8, 7×8 na 4×7. Kwa 7×8 kuna hila ya zamani: tano, sita, saba, nane, 56 ni 7×8. Zipange hivyo mfululizo na mtoto hatasahau.

Zikishakaa hizo, ya 12 si mgeni tena. Kumi na mbili mara saba ni sabini ukiongeza kumi na nne.

3. Aione kabla hajaikariri

Kukariri kitu usichokiona ni kama kujifunza jina la mtu usiyewahi kukutana naye. Bahati nzuri, hapa kwetu Ufipa kuzidisha kumelala shambani. Wanaolima kwa ntumba, yale matuta ya mviringo yanayofukia majani yaoze yawe mbolea, wana jedwali la kuzidisha lililochorwa kwa jembe. Penye mistari iliyonyooka mpeleke mtoto, ahesabu matuta sita kwenda huku na nane kwenda kule, kisha akisie jumla kabla ya kuyahesabu yote. Halafu asimame upande wa pili wa shamba. Sasa ni nane kwa sita. Matuta ni yaleyale. Hapo ameelewa kwa nini nimefuta karibu nusu ya jedwali.

Kwa wa mjini, trei ya mayai ni tano kwa sita, kreti ya soda ni nne kwa sita. Ukimwonesha trei tupu na kumwuliza mayai mangapi, utashangaa ni wangapi wanaanza kuhesabu shimo moja moja.

4. Pukuchueni pamoja

Hiki ndicho ninachokipenda kuliko vyote, nacho ni cha msimu. Wakati wa mavuno jioni nyingi nyumbani ni za kupukuchua, mikono inafanya kazi na midomo iko huru. Mpe mtoto hindi moja kabla hajaligusa, ahesabu mistari ya punje kuzunguka. Tuseme 14. Kisha ahesabu punje za mstari mmoja kutoka shinani hadi kwenye ncha. Tuseme 32. Hindi lina punje ngapi? Kumi mara thelathini na mbili ni 320, nne mara thelathini na mbili ni 128, jumla 448. Halafu lipukuchuliwe peke yake kwenye sahani na wadogo wahesabu. Hawatapata 448 kamili, maana ncha ya hindi huwa na punje zilizodumaa, lakini watakaribia, na mabishano yatakayozuka kuhusu punje zilizopotea ni somo la kukadiria ambalo hakuna kitabu kinacholiandika vizuri zaidi.

Jambo jingine: waambie watafute hindi lenye mistari witiri. Watapukuchua debe zima wakitafuta. Mistari ya hindi karibu siku zote huwa shufwa, kwa sababu punje huchipuka mbili mbili tangu hindi likiwa changa. Nimemwona kijana wa Darasa la Tano akimaliza kazi ya watu wawili kwa kulisaka hilo moja la witiri. Hakulipata. Mama yake alinishukuru kwa sababu nyingine kabisa.

5. Acheni kupanda ngazi

Tulivyofundishwa wengi wetu ni kuimba: saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne. Wimbo ni mzuri kwa kuanzia. Tatizo lake ni kwamba unakuwa ngazi. Ukimwuliza saba mara nane anaanza chini kabisa, anapanda kidato baada ya kidato, na akikatizwa katikati anashuka kuanza upya.

Mara wimbo unapokaa, uvunjeni. Ulizeni kwa kurukaruka: sita mara nne, nane mara nane, tatu mara saba. Tengenezeni vikadi 15 kutoka kwenye boksi lile la sabuni, swali mbele na jibu nyuma, vichanganywe kama karata. Kikadi alichojibu papo hapo kinakwenda kulia, alichosita kinakwenda kushoto. Kesho mnaanza na vya kushoto.

Kusita ni muda gani? Uingereza watoto wa miaka minane na tisa hupimwa tebo kila Juni kwa maswali 25 kwenye kompyuta, na kila swali lina sekunde 6. Sekunde sita si mbio za kumtoa mtu jasho. Ni muda wa kuvuta pumzi na kujibu. Hapa kwetu hakuna haja ya kompyuta. Hesabu kimoyomoyo hadi sita.

6. Geuzeni kila tebo iwe kugawanya

Haraka haraka tu: akishajua 6×7=42, muulize hapohapo 42 kwa 6, na 42 kwa 7. Hesabu tatu kwa bei ya moja. Anayezoea hivyo akiona 42/56 macho yake yanaiona 14, au angalau saba kwanza kisha mbili, na sehemu inakuwa 3/4 bila jasho. KDS ya 6 na 8? Ni kukumbuka kwamba 24 imekaa kwenye tebo zote mbili. Vigawe, vigawo, KKS (kigawo kikubwa cha shirika), uwiano, asilimia, vyote hivyo ni tebo iliyovaa koti.

7. MAGAZIJUTO haiokoi asiyejua tebo

Kila mtoto wa Tanzania anaijua: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Mpe hii: 9 ÷ 3 + 6 × 7 − 40.

Asiyejua mpangilio anakwenda kushoto hadi kulia na kupata 23. Anayejua mpangilio na tebo anapata 3 + 42 − 40, yaani 5. Katikati yao yuko yule anayeniuma moyo: amefuata MAGAZIJUTO herufi kwa herufi, lakini amechanganya sita mara saba na sita mara nane, akaandika 48. Anapata 11. Sasa fikiria wewe ndiye mtungaji wa swali la kuchagua. Ungeweka majibu gani ya kumtega? Bila shaka 23 na 11. Mtoto akiliona jibu lake limo kwenye orodha anatulia, anaweka kivuli, anahamia swali linalofuata kwa amani kabisa.

Kwa hiyo mtoto anapokosa, usikimbilie kusema hajui kanuni. Pitia hatua zake mstari kwa mstari utafute tebo ilipomsaliti. Ukiikuta, iandike. Baada ya wiki mbili utaona ni tatu au nne zilezile zinazojirudia, na hizo ndizo za kuandika kwa makaa ukutani karibu na kitanda.

8. Lugha moja kwa tebo

Vijijini watoto wengi huja shuleni wakitoka kwenye Kifipa, Kiswahili cha hesabu wanakikuta darasani. Si vibaya kuhesabu kuku kwa Kifipa. Ni raha, na bibi anafurahi. Ila tebo ikaririwe kwa lugha ya mtihani, maana watu wengi wenye lugha mbili hubaki wakihesabu kwa ile waliyojifunzia hesabu, hata wakizeeka. Shule ya serikali, Kiswahili. Kama yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza, basi Kiingereza, na mzazi usione haya kumsikiliza hata kama wewe hukijui: jibu liko nyuma ya kikadi kwa tarakimu, na tarakimu hazina lugha.

9. Dakika tano, kila siku, hata siku ya gulio

Saa mbili za Jumamosi haziwezi kulipa siku sita za ukimya. Tebo hukaa kwa kuitwa, kusahaulika kidogo, kuitwa tena. Dakika tano maji ya kuoga yakichemka zinatosha. Njiani kwenda shule zinatosha. Anzeni Darasa la Pili au la Tatu, msisubiri la Saba. Mtaala mpya unapunguza elimu ya msingi kutoka miaka 7 hadi 6, kwa hiyo mwaka wa kufidia nao unaondoka.

Mkianza kuchelewa msihofu. Kadi mbili mpya kwa wiki, zote 15 zinaisha kwa miezi miwili. Anayeanza Juni, baridi ya Ufipa ikiwa kali na kila mtu amejikunyata jikoni, anaingia Septemba akiwa nazo kichwani.

10. Fimbo iwekeni kando

Nilijifunza tebo mlangoni. Mwalimu wetu wa Darasa la Tatu alisimama kizingitini asubuhi, fimbo kwapani, na hakuna aliyepita bila kujibu. Nje upepo wa kutoka milima ya Mbizi unakata masikio. Nitasema ukweli: tulijifunza haraka. Lakini tulichojifunza ni kusimama nyuma ya foleni, tukasikiliza maswali ya waliotangulia, tukakadiria lipi litatufikia. Nilikuwa bingwa wa kukisia zamu. Nane mara saba yenyewe niliijua nikiwa mtu mzima, nauza mahindi.

Kanuni za mwaka 2002 zinaweka ukomo wa viboko vinne shuleni, kwa makosa mazito ya nidhamu, na kwa idhini ya mkuu wa shule. Kusahau sita mara nane hakumo. Hata ukiacha kanuni, woga unakalia nafasi ileile ya kichwa tuliyosema inahitajika kwa kugawanya. Mtoto anayeitazama fimbo hawezi kuitazama namba.

Ndugu zetu wa mikoa mingine hupenda kututania kwamba Sumbawanga kuna dawa ya kila kitu. Ningekuwa na ya tebo ningekuwa nimeshajenga ghorofa Mazwi.

11. Mpeleke sokoni akiwa ameshika hela

Gunia moja ni debe sita. Basi gunia nane ni debe ngapi? Hapo kuna 6×8, na kwa mtoto wa mkulima swali hilo lina maana kuliko lolote la kitabuni. (Lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo, nayo ina hesabu zake, lakini hizo hazimo kwenye daftari lolote na tusimfundishe.) Dazani ya madaftari inampa ya 12. Wiki za kusubiri mbegu zichipue zinampa ya 7. Fundi anayeezeka, mama anayekata kitenge, kijana wa bodaboda anayejumlisha safari, wote wanazidisha mbele ya macho yake; kazi yako ni kumwuliza kabla wao hawajajibu.

Mwaka jana nilikwenda sokoni na binti wa jirani, yuko Darasa la Tatu, wiki hiyo alikuwa na kadi ya 7×8 upande wa kushoto. Nikachukua mafungu saba ya dagaa wa Kirando, fungu shilingi 800. Nikatoa noti ya 10,000. Mama muuzaji akapiga hesabu kwa midomo, akanirudishia 4,200. Mimi nilikuwa nimeshaweka mfukoni. Binti akanivuta shati: “Babu, ni elfu tano na mia sita. Bado mia mbili.” Mama akarudia kuhesabu mara mbili, akacheka, akatoa sarafu ya 200 kwenye upindo wa khanga. Tulipokuwa tunaondoka akaniita, akasema siku nyingine nije peke yangu.